Kinachokula Tokeni ni Joto: Kupanga Gharama za Stima na Gesi Mombasa Kabla ya Kaskazi

Mwezi wa kumi ukiingia, binamu yangu aliye Uingereza huanza kulia na hita. Majani yanapukutika, yeye keshavaa soksi mbili, na bili inampanda kila akizungusha kile kidude cha ukutani. Sisi huku Tudor, Mombasa, mambo yako kinyume. Kusi imelegea, matlai inavuma kwa unyonge, mvua za vuli zinagonga mabati jioni, na kila mtu anajua kaskazi, upepo wa msimu wa joto, iko njiani na jasho lake.

Lakini ugonjwa ni mmoja. Pesa za stima nyumbani haziliwi na taa wala simu inayochaji. Zinaliwa na kila kinachopasha moto na kila kinachopoza: shawa ya moto, pasi, birika, jiko la koili, friji, AC. Baba anayezunguka nyumba akizima taa za LED huku shawa inanguruma anafukuza sisimizi ilhali ng'ombe yumo shambani.

Vuli ndio wakati mzuri wa kulishughulikia jambo hili. Haja ya shawa ya moto ya Julai imekwisha, feni za usiku kucha hazijaanza, kwa hivyo unaweza kuona nyumba yako inakula kiasi gani ikiwa imetulia. Sababu ya pili nitaieleza kwenye hatua ya pili, nayo ndiyo nzito.

Hatua ya kwanza: tafuta bei yako ya uniti, si ya jirani

Fungua simu utafute ujumbe wa tokeni ya mwisho uliyonunua, yaani ile namba ya stima ya kulipia kabla unayoiingiza kwenye mita. Pamoja na zile tarakimu 20 kuna uniti ulizopata (uniti moja ni kilowati moja inayotumika saa moja) na mchanganuo wa pesa zako. Usijiumize kichwa na mchanganuo kwanza. Gawa pesa ulizolipa kwa uniti ulizopata. Tuseme umelipa 1,000 ukapata uniti 36: uniti moja imekugharimu karibu shilingi 28. Nitaitumia hiyo 28 kwenye hesabu zote hapa chini, wewe weka yako.

Sasa rudi kwenye mchanganuo. Kuna bei ya stima yenyewe, gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo ya asilimia 5 ya kupeleka stima mashambani, tozo ndogondogo nyingine, na VAT ya asilimia 16. Gharama ya mafuta na ya fedha za kigeni hupangwa upya kila mwezi, ndiyo maana elfu moja ya Septemba na elfu moja ya Novemba hazileti uniti sawa. Ukipita Kipevu ukaona ile mitambo ya kuzalisha stima kwa mafuta mazito, jua kwamba ikiwashwa, nchi nzima inalipia, nawe umo. Wapo wanaoapa kuwa tokeni za asubuhi huwa nyingi kuliko za jioni. Kinachobadilika ni mwezi, si saa.

Hatua ya pili: jua uko fungu gani

Tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wa Kenya Power, kampuni ya stima ya Kenya, wamegawanywa mafungu matatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wanaozidi 30 lakini hawapiti 100, na wanaopita 100. Kila fungu lina bei yake, na la juu ndilo ghali zaidi. Wengi hudhani uniti 30 za mwanzo ni rahisi kwa kila mtu, kisha bei inapanda kadiri unavyoendelea. Sivyo. Ukishatiwa kwenye fungu, uniti zako zote, hata ile ya kwanza, zinauzwa kwa bei ya fungu hilo.

Na fungu linatokana na wastani wa miezi mitatu. Hiyo ndiyo sababu yangu ya pili ya kuipenda vuli: ulichonunua Septemba, Oktoba na Novemba ndicho kitakachoamua unaanza Disemba na bei gani, wakati feni zinaanza kuzunguka usiku kucha na wageni wa likizo wamejaa. Nyumba inayotumia uniti 105 ikishuka hadi 95 haiokoi uniti 10 tu. Inashuka fungu, na zile 95 zilizobaki nazo zinakuwa rahisi. Kama uko karibu na mpaka, hapo ndipo pa kukaza mshipi. Kama uko 180, usijitese kuufuata mpaka, shika yale makubwa ya hatua ya nne.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna watu wanaumia bila kujua. Chukua nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, Majengo au Kisauni, ukumbi katikati, mita moja ukutani. Kila mpangaji ana taa mbili, feni, televisheni ndogo na simu za kuchaji. Kila mmoja peke yake angetumia uniti 25, na angekuwa fungu la chini kabisa. Kwa pamoja ni uniti 150, na wote sita wananunua kwa bei ya fungu la juu kana kwamba wana jumba Nyali. Mwenye nyumba hajawaibia, mita ndiyo inayowahesabu kama mtu mmoja.

Dawa ya kweli ni kila chumba kuwa na mita yake ya Kenya Power. Utahitaji ridhaa ya mwenye nyumba, kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), na fundi aliyesajiliwa wa kuthibitisha kuwa nyaya ziko sawa. Ni kazi, na kama unapanga kuhama baada ya Ramadhani haifai kuianza. Mwenye nyumba akikataa, ombeni angalau mita ndogo ya kupimia matumizi ya kila chumba, nyuma ya ile mita kuu, ili anayepikia koili asibebwe na anayewasha balbu. Haitawashusha fungu, lakini itamaliza ugomvi. Na anayewakusanyia pesa awaonyeshe ujumbe wa tokeni, mpige ile hesabu ya hatua ya kwanza pamoja. Akiwatoza bei ya uniti iliyo juu sana ya ile inayotoka kwenye ujumbe, muulizeni kwa upole ile tofauti inakwenda wapi.

Hatua ya tatu: iulize mita yenyewe

Mita ina taa ndogo nyekundu inayopepesa. Kando yake kumeandikwa namba, mara nyingi 1000, na herufi imp/kWh. Maana yake taa ikipepesa mara 1,000 umemaliza uniti moja. Kama yako ina namba nyingine, tumia hiyo.

Zima kila kitu ndani, chomoa hata chaja, kisha uitazame. Isipopepesa kwa dakika kadhaa, uko salama. Ikiendelea kupepesa na wewe umezima vyote, ama kuna kitu umekisahau, ama kuna waya unaovuja, ama kuna jirani aliyejiunganisha. Usimshike mtu shati. Mwite fundi kwanza. Nyumba moja niliyowahi kuishi tulimshuku kijana wa chini miezi miwili mizima, kumbe ni pampu ya maji ya tangi iliyounganishwa kwenye mita yetu tangu nyumba ijengwe.

Halafu washa kimoja kimoja. Hesabu sekunde kati ya mpepeso na mpepeso. Kwa mita ya 1000, gawa 3,600 kwa sekunde hizo, unapata wati. Sekunde 36 ni wati 100. Sekunde 60 ni wati 60, hiyo ni feni ya kawaida. Ukiwasha birika taa itapepesa haraka kuliko unavyoweza kuhesabu: sekunde moja na kidogo tu. Waite watoto waone. Mwanangu alipoona shawa ya moto inavyoifanya ile taa iwe kama imeshikwa na degedege, aliacha kuimba bafuni.

Hatua ya nne: maji ya kuoga

Hii ndiyo hatua yenye pesa. Najua mtu wa Nyahururu, kule juu kwenye baridi, akisikia Mombasa tunapasha maji atacheka hadi akae chini. Lakini mwezi wa saba usiku huteremka hadi nyuzi 21 au 22, upepo wa kusi unapita dirishani, na mwili uliozoea 32 unaona ni barafu. Wazee na watoto wachanga wana haki yao ya maji ya moto. Tatizo ni kwamba tukishazoea Julai, tunaendelea hadi Novemba bila kuhitaji.

Shawa ya moto ya kawaida huvuta karibu kilowati 5.5. Dakika kumi ni uniti 0.9, yaani shilingi 26 hivi kwa bei yetu ya mfano. Watu wanne, kila mmoja mara moja kwa siku, ni uniti 110 kwa mwezi. Shawa peke yake imekuvusha mpaka wa 100 kabla hujawasha taa.

Sasa linganisha na ndoo. Ndoo ya lita 15 ya maji ya vuguvugu la kupendeza, nyuzi 38, ukianza na maji ya bomba ya nyuzi 25, inataka lita 2.6 tu za maji yaliyochemka. Hiyo ni birika moja na nusu. Stima yake ni kama robo ya uniti, shilingi 7. Watu wale wale wanne wanatumia uniti 30 kwa mwezi badala ya 110. Tofauti ni uniti 80, zaidi ya shilingi 2,200. Kwa nini iwe hivyo? Shawa inapasha maji yote yanayokimbia hadi mferejini, hata yale yanayopita wakati unajipaka sabuni. Ndoo inapasha yale tu yanayokugusa.

Kama hutaki ndoo, basi zungusha kitufe hadi moto wa chini, na zima unapojisugua. Na kuna njia isiyogharimu chochote: kama nyumba yenu ina lile tangi jeusi juu ya paa, maji yake saa kumi na saa kumi na moja jioni huwa yamepata moto wa jua. Wasogeze watoto waoge wakati huo badala ya saa mbili usiku. Kwetu hili ndilo lililofanya kazi kuliko yote, na halikuhitaji kumshawishi mtu isipokuwa kuwatoa kwenye mpira.

Maji ya kisima ni jambo lingine. Sehemu nyingi za kisiwani na Kisauni maji ya kisima yana chumvi, nayo chumvi hula koili ya shawa. Ikishaliwa, stima inaingia kwenye maji. Ukihisi kichomo kidogo unaposhika mfereji, usiseme "ni kawaida yake". Zima swichi kubwa, usiitumie tena hadi fundi aione. Kuna shawa zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi. Uliza dukani kabla ya kununua, na hakikisha waya wa kijani na manjano umefika ardhini kweli, haukukatwa na kufichwa nyuma ya ukuta.

Na waya wenyewe uwe mnene. Shawa ya kilowati 5.5 inavuta ampea 23 hivi, inataka waya wa milimita za mraba 4 au 6 unaotoka moja kwa moja kwenye boksi kuu, na swichi yake peke yake. Fundi mmoja alituungia yetu kutoka kwenye waya wa soketi, akasema ni sawa kwa sababu "ni maji ya vuguvugu tu". Wiki ya tatu tulisikia harufu ya plastiki iliyoungua, soketi ya sebuleni imekuwa kahawia. Niliilipa kazi ile mara mbili.

Hatua ya tano: jikoni

Swali ninaloulizwa sana ni gesi au stima. Jibu ni hesabu, si mapenzi. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya karibu uniti 12.7, lakini kama nusu yake inapotea pembeni ya sufuria. Nikipiga hesabu na hasara za pande zote mbili, mtungi wa kilo 6 unapika kama uniti 55 za jiko la koili. Kwa hivyo zidisha 55 kwa bei yako ya uniti. Kwa shilingi 28 ni 1,540. Ukijaziwa mtungi kwa chini ya hapo, gesi imeshinda. Kumbuka VAT ya gesi iliondolewa Julai 2023, wakati stima bado inabeba asilimia 16.

Isipokuwa kwa vitu vinavyochemka muda mrefu. Maharagwe, mbaazi, pojo, kwato: hapa sufuria ya presha ya stima ni mnyama mwingine. Imefunikwa, haipotezi mvuke, ikishapata moto inajizima na kujiwasha. Mbaazi zilizolowekwa tangu usiku huiva kwa sehemu ndogo tu ya stima ambayo koili ingekula. Ukiwa nayo, mbaazi ziende stima, chapati na mahamri zibaki kwenye gesi. Kama huna, loweka tu, na funika sufuria. Kutofunika sufuria ni ugonjwa wa nyumba nyingi, wetu ukiwemo.

Mtungi upime. Kwenye shingo au kola yake kumepigwa chapa uzito wa mtungi mtupu. Ongeza 6 au 13, ndio uzito unaopaswa kuuona kwenye mizani ya duka. Muuzaji asiyetaka kupima mbele yako, mwache. Hose ikiwa ngumu au imepasuka, badilisha; jaribu maungio kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Makaa? Siwezi kumwambia mpishi wa Mombasa aache seredani, lile jiko la makaa. Wali wa nazi unataka kupaliwa makaa juu ya kifuniko, na biriani ya harusi haipikwi kwenye koili. Lakini kupikia makaa chai ya kila asubuhi ni hasara, kwa sababu ukishamaliza chai moto bado unawaka bure. Panga upikaji wa makaa kwa mfululizo: mchuzi, wali, halafu maji ya kuoga ya bibi yanakaa juu ya moto unaokufa. Na seredani isiingie chumba cha kulala, hata mvua ikinyesha vipi. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na chumba kilichofungwa madirisha huua watu wakiwa usingizini.

Hatua ya sita: friji

Kwa ufupi. Friji ya kawaida hula kama uniti moja kwa siku, na huwezi kuizima. Unachoweza ni kuisogeza mbali na ukuta kiasi cha kiganja, isikae karibu na jiko, na kufuta vumbi la nyuma. Bana noti ya mia kwenye mlango, ukiivuta ikatoka kirahisi, mpira umechoka. Anayeuza barafu za watoto barazani aandike stima yake kwenye hesabu ya biashara. Nimewaona wengi wanaofurahia faida ya mia mbili huku friza imekula mia na hamsini.

Hatua ya saba: paa kwanza, feni baadaye, AC mwisho

Nyumba za mawe za Mji wa Kale zina kuta nene za matumbawe na chokaa, vichochoro vyembamba vinavyokinga jua, na madirisha yanayopokezana upepo. Waliozijenga hawakuwa na soketi. Sisi wa mabati na zege tumejenga tanuri, halafu tunanunua mashine ya kulipoza.

Kwa mwenye nyumba yake, vuli kati ya mvua na mvua ni wakati wa kupaka mabati rangi nyeupe na kutia dari. Mabati yaliyoshika kutu hubeba joto lote hadi kitandani. Mpangaji hana amri ya paa, ila ana amri ya dirisha: pazia zito upande wa machweo kuanzia saa nane mchana, kisha kila kitu wazi jua likizama, ili upepo upite kutoka dirisha moja hadi jingine. Friji, pasi na jiko visifanye kazi chumba unacholala. Pasi, kwa njia, ipigwe siku moja: kanzu za Ijumaa na sare za wiki nzima kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kuipasha kutoka baridi kila asubuhi ndiko kunakokula.

Feni haipozi chumba, inampoza mtu. Feni inayozunguka chumba kitupu inapasha hewa kidogo kwa mota yake, basi. Feni tatu za wati 60, saa nane kila usiku, ni uniti 43 kwa mwezi. Si kidogo kwa aliye karibu na mpaka. Wawili wakilala chumba kimoja wakati wa joto kali, feni moja inapumzika. Futa mabawa yake pia. Hewa yetu ya bahari huyapaka utando wa chumvi na vumbi, yakawa mazito.

AC ndogo ya BTU 9,000 huvuta karibu wati 800 hadi 1,000 mota yake ikiwa inafanya kazi. Usiku mmoja unaweza kula uniti 4 hadi 7, mwezi ukawa uniti 120 hadi 210. Mwenye AC asahau fungu la katikati, apunguze tu hasara. Iweke 26, washa feni ya chini pamoja nayo, weka saa ijizime saa tisa usiku. Chujio lioshwe kila wiki mbili. Kile kifaa cha nje kimwagiwe maji baridi ya mfereji, si ya kisima, angalau mara moja kabla ya Disemba, maana chumvi hula mapezi yake hadi yakawa unga. Ziba nafasi chini ya mlango kwa kitambaa. Na usiwashe AC kwenye chumba ambacho jua limekipiga mchana kutwa kabla hujafungua madirisha dakika ishirini joto litoke.

Ramadhani siku hizi inaangukia katikati ya kaskazi, kwa hivyo kuna mzigo juu ya mzigo: jikoni kuanzia alasiri, taa na feni hadi daku. Sisi tumelifungia daftari la mita nyuma ya mlango wa jikoni kwa kamba ya mnazi. Kila Ijumaa kabla ya swala mtoto mdogo anasoma namba, anaandika tarehe, na pembeni anaandika kilichotokea wiki hiyo: "wageni kutoka Lamu", "friji imezimwa siku mbili", "baba ameoga maji moto". Hilo la mwisho analipigia mstari.